Tazama Jasi Kwanza: Liu Kaiqu na Wachongaji wa Kizazi Chake

Mnara wa Mashujaa wa Umma umesimama katikati ya uwanja wa Tiananmen, Beijing, kimo chake mita 37.94. Kitako chake kimezungukwa na nakshi za marumaru nyeupe za watu waliochongwa wakichomoza ukutani. Kila nakshi ina kimo cha mita 2, na ukizipanga zote mstari mmoja zinafika mita 40.68, zikiwa na watu wapatao 170. Hakuna kazi ya uchongaji ya karne ya 20 inayojulikana zaidi China nzima. Ajabu yake ni kwamba karibu hakuna anayeiona sawasawa. Kuna uzio, kuna walinzi, na kwa umbali ule vidole, macho na mikunjo ya nguo vinayeyuka kuwa kijivu kimoja.

Ndiyo maana kazi za Liu Kaiqu, aliyewaongoza wachongaji wa nakshi hizo, na wenzake zinapopangwa ndani ya makumbusho, kwenye mwanga uliopimwa, safari ina faida. Ila wengi wakiingia ukumbini hukimbilia shaba, kwa kuwa shaba inang'aa na inaonekana ya gharama, na huzipita jasi kana kwamba ni mazoezi ya wanafunzi yaliyosahaulika pembeni. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa kizazi hiki jasi ndiyo kazi yenyewe. Shaba nyingi zilikuja baadaye sana, nyingine mwenye kazi akiwa keshafariki.

Jasi ni unga uleule wa dari za nyumba, na ndiyo ile inayoitwa hogo ikiwa mguuni mwa aliyevunjika. Haina heshima ya shaba wala ya jiwe. Lakini ndiyo ya kwanza kupokea alama za vidole kutoka kwenye udongo, na kila hatua inayofuata baada yake hupoteza kitu.

Tuwataje kwanza wenyewe. Liu Kaiqu alizaliwa mwaka 1904 huko Xiaoxian, akaenda Paris mwaka 1928, akasoma École des Beaux-Arts chini ya Jean Boucher, na mwaka 1933 akarudi kufundisha chuo cha sanaa cha Hangzhou. Zeng Zhushao, Wang Linyi na Hua Tianyou nao walipita Ufaransa. Hua alikaa huko tangu 1933 hadi 1948. Zhang Chongren alisoma Brussels kati ya 1931 na 1935, na wapenzi wa katuni za Tintin za Hergé wanamfahamu hata kama hawajui kwamba alikuwa mchongaji, maana ndiye aliyekuwa kielelezo cha Chang, rafiki yake Tintin. Xiao Chuanjiu alikwenda Tokyo. Wote hawa walirudi na ufundi mmoja: kumtazama mtu aliye hai amesimama mbele yako, kumfinyanga kwa udongo kwa kufuata mifupa na misuli, kisha kuuhamisha udongo kwenda jasi, na jasi kwenda shaba au jiwe, kwa vipimo.

Asidhani mtu kwamba China haikuwa na sanamu kabla yao. Mahekalu yalikuwa yamejaa sanamu za udongo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Hua Tianyou mwenyewe, kabla ya kupanda meli, alishiriki kuzikarabati zile za hekalu la Baosheng huko Luzhi, karibu na Suzhou. Ila fundi wa hekalu alifinyanga juu ya mbao na nyasi, akaacha udongo ukauke palepale, akapaka rangi. Kazi ilibaki ilipozaliwa. Wa Paris walitaka kazi iweze kuondoka mahali ilipofinyangwa, na hapo ndipo shida zote za ufundi zinapoanza.

Kutoka udongo kwenda jasi

Sanamu ya mtu mzima huanza na kiunzi. Bomba la chuma huinuliwa kutoka kwenye kitako cha mbao nzito na kuingia mgongoni. Nondo nyembamba au waya mnene hufuata miguu na mikono. Kisha ndani ya kifua, nyonga na kichwa huning'inizwa vijiti viwili viwili vilivyofungwa msalaba kwa waya. Mtu asiyejua kazi huviona vijiti hivi kuwa upuuzi. Udongo mbichi una uzito wa karibu kilo 2 kwa lita moja, na mtu mzima ana ujazo wa lita 70 hivi. Chukua zaidi ya kilo 130 za udongo uliolainika, uziegemeze kwenye bomba laini tupu, ulale. Asubuhi mabega yameshuka, kidevu kimeingia shingoni, na kazi ya wiki nzima imekuwa ya mtu mwingine. Misalaba ile ndiyo inayoushika udongo usiteleze.

Adui wa pili ni ukavu. Udongo ukikauka hunywea, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, ilhali chuma kilichomo ndani hakinywei hata kidogo. Matokeo yake ni nyufa, na huanzia palipo pembamba: kifundo cha mkono, shingo, kisigino. Kwa hiyo kila jioni sanamu hufunikwa kwa nguo zilizolowa na juu yake kitu cha kuzuia hewa, hata miezi ikipita. Udongo wa namna hii hauwezi kuchomwa tanuruni wala kuachwa. Ni lazima uhamishwe ungali mbichi.

Kalibu, yaani ganda linalonakili umbo, inayotumika zaidi ni ile ya kupoteza: huvunjwa kazi ikiisha. Vipande vyembamba vya bati huchomekwa kwenye udongo kufuata mstari wa pembeni, sikio hadi bega hadi kisigino, ili kalibu igawanyike mbele na nyuma. Halafu unakorogwa uji wa jasi. Unga hunyunyizwa kwenye maji, wala maji hayamwagwi kwenye unga, kwani ukigeuza utapata madonge ambayo hayavunjiki. Kwa kilo 10 za jasi yatosha maji lita 6 hadi 7. Nyunyiza mpaka visiwa vya unga vibaki juu ya maji, acha dakika moja vinywe, kisha koroga taratibu mkono ukiwa chini ya uso wa uji ili usiingize hewa. Una dakika 10, pengine 20. Uji ukianza kuwa mzito kama ugali mwepesi usithubutu kuongeza maji: chembe zimeshaanza kushikana, na ukizivuruga zitaganda lakini zitabaki dhaifu, za kupukutika.

Tabaka la kwanza hutiwa rangi kidogo, buluu au ya udongo mwekundu, na hurushwa kwa vidole ili lipenye kila mkunjo, unene wa milimita 3 hadi 5. La pili ni jeupe, karibu sentimita 2, na huwekewa vyuma vya kulishikilia. Jasi ikiganda hupata joto. Ikipoa, kalibu hufunguliwa, udongo hukwanguliwa wote, na upande wa ndani huoshwa na kupakwa maji ya sabuni mara kadhaa mpaka uwe unateleza. Sasa ndipo jasi ya kazi yenyewe inapoingia, ikiimarishwa kwa nyuzi za katani zilizolowekwa kwenye uji. Nusu mbili huunganishwa. Siku ya pili, fundi anaanza kuivunja kalibu kwa tindo butu na nyundo ndogo. Jeupe hutoka kwa mapande makubwa bila hofu. Akiiona buluu, hupunguza mkono: chini yake, milimita chache tu, kuna pua ya mtu.

Hesabu sasa kilichobaki. Udongo umeshachanwa na kurudishwa pipani. Kalibu imekuwa kifusi. Duniani pamebaki kitu kimoja chenye sura ile, nacho ni chepesi kuvunjika kuliko sahani. Vita na Japani vya mwaka 1937 vilipowafukuza walimu na wanafunzi wa Hangzhou kwenda bara, jasi hazikuwa mzigo wa kubebeka kwenye malori na mashua. Hiyo ni sababu mojawapo ya kazi za miaka ya 1930 zilizosalia kuwa chache.

Ukisimama mbele ya jasi ya zamani, tafuta haya. Kwanza mshono, mstari mwembamba uliochomoza kidogo ukipita pembeni mwa mwili. Kama haupo kabisa, kuna mtu amesugua, na huenda kasugua na vingine. Pili, vipele vidogo vya mviringo kwenye makwapa na chini ya kidevu: ni vipovu vya hewa vilivyobaki kwenye kalibu, jasi ya pili ikavijaza. Tatu, mabaki ya buluu ndani ya mikunjo ya nguo ambako tindo halikufika. Nne, misalaba ya penseli au vimisumari vilivyozama kwenye paji la uso, goti na bega. Ukiviona vimisumari, jua jasi hiyo ilifanya kazi: ilipimwa ili ikuzwe au ichongwe kwenye jiwe. Hizo ndizo zenye historia ndefu kuliko zote ukumbini, na aghalabu ndizo chafu kuliko zote.

Shaba, na kwa nini miaka kwenye kibao inapotosha

Wakati wa vita Liu alikuwa Chengdu, na huko ndiko alikosubu, yaani kuyeyusha na kumimina kalibuni, shaba zake za ukumbusho akiwa na mafundi wa mji ule. Mojawapo ilikuwa ya jenerali Wang Mingzhang, aliyeuawa Tengxian mwezi Machi 1938. Nyingine, ya mwaka 1944, ni ya askari wa Sichuan asiye na jina: bunduki yenye singe mkononi, suruali fupi, kofia ya mianzi mgongoni, ndara za majani miguuni. Zitazame hizo ndara. Mwalimu wa Paris angemvika buti, na sanamu nzima ingekuwa ya nchi nyingine.

Askari aliyepo leo katika bustani ya Renmin mjini Chengdu si shaba ya 1944; ile iliondolewa, na huyu alifanywa upya. Hali ni hiyohiyo kwa mnara wa ukingo wa Ziwa Xihu, Hangzhou, alioutengeneza Liu katikati ya miaka ya 1930 kuwakumbuka waliokufa katika mapigano ya Shanghai ya 1932. Ulibomolewa, na unaouona sasa ni wa kusimamishwa upya. Picha za zamani za minara hii zikiwa zimetundikwa ukutani karibu na shaba mpya, anza na picha. Linganisha uzito wa mguu unaobeba mwili na mwinamo wa kichwa. Mwigaji akikosea, hukosea hapo. Kwenye vifungo vya koti hakosei.

Shaba ya sanamu huwa tupu ndani, na si ubahili tu. Chukua mtu yuleyule wa lita 70: kwa shaba iliyojaa hadi ndani angefika kilo 600. Akiwa ganda la milimita 5 kwenye eneo la mita 2 za mraba, ni lita 10 za shaba, yaani chini kidogo ya kilo 90; mpe koti, viatu na kitako, azidi 150. Zaidi ya uzito, shaba nene hupoa bila usawa. Nje huganda, ndani bado uji, na ule wa ndani ukiganda huvuta na kuacha mashimo. Ganda likiwa jembamba mno nalo lina balaa lake: shaba hupoa njiani kabla ya kufika kwenye ncha za vidole, na sanamu hutoka na kiganja kilichokatika.

Kwa njia ya nta, jasi huchukuliwa kalibu, ndani ya kalibu hupakwa nta yenye unene uleule unaotakiwa kwa shaba, ndani ya nta huwekwa kiini cha udongo unaostahimili moto, kisha huongezwa vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya shaba kuingia na matundu ya hewa kutoka. Kila kitu hufunikwa kwa udongo wa moto na kuchomwa mpaka nta yote imetoka na unyevu umekwisha. Unyevu ukibaki, shaba ya zaidi ya digrii 1,000 ikiingia huugeuza mvuke papo hapo, na kalibu hupasuka mbele ya watu. Ikienda salama, mifereji hukatwa, mashimo huzibwa, mishono husuguliwa kwa tupa, na rangi hupikwa kwa moto na dawa.

Shaba ikipoa hunywea karibu asilimia 1.5. Kwa hiyo shaba iliyotokana na jasi ya mita 1 ni fupi kwa sentimita 1 na nusu hivi, na shaba iliyotolewa kwenye kalibu ya shaba nyingine ni fupi zaidi. Vibao vya ukumbini huandika vipimo kwa sentimita. Ukikuta jasi na shaba ya sura moja, linganisha namba. Mara nyingi zitakuambia ipi mama na ipi mtoto, na ipi mjukuu.

Hapo tunafika kwenye vibao. Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa kufinyanga, si wa kusubu. "1945, shaba" huweza kuwa kitu kilichotoka kiwandani miaka 40 baadaye. Si uongo, ni desturi, lakini desturi inayomwacha mgeni gizani. Tafsiri za vibao nazo huwa fupi kuliko maandishi ya Kichina, kwa hiyo inafaa kukariri maneno machache. 石膏, shigao, ni jasi. 铸铜, zhutong, ni shaba iliyosubiwa. 汉白玉, hanbaiyu, ni marumaru nyeupe. 泥塑, nisu, ni udongo uliofinyangwa. 浮雕, fudiao, ni nakshi inayochomoza ukutani. 稿, gao, ikitokea mwishoni mwa jina maana yake ni rasimu, na rasimu usiiruke. 复制, fuzhi, ni nakala. Na 玻璃钢, boligang, ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kitu kilekile cha boti za kisasa.

Hiyo ya mwisho inahitaji jicho. Boligang hupakwa rangi ya shaba vizuri sana, na kumbi nyingi zinazo kwa sababu husafiri bila kuvunjika na watu wawili huibeba. Huwezi kuigonga kusikia mlio. Walinzi hawatakubali, na wako sahihi. Tazama pembe na kingo zilizoguswa na watu: shaba ikisuguliwa hung'aa manjano, boligang ikichubuka huonyesha weupe au kijani cha gundi. Tazama pia kitako. Shaba kubwa haifungwi kwa skrubu mbili ndogo.

Mikono minane, ukuta mmoja

Jiwe la msingi la mnara wa Tiananmen liliwekwa tarehe 30 Septemba 1949, ujenzi ukaanza 1952, na ukazinduliwa tarehe 1 Mei 1958. Msanifu mkuu alikuwa Liang Sicheng. Mkewe Lin Huiyin alichora mapambo ya kitako. Liu Kaiqu aliongoza kundi la wachongaji, na nakshi 8 za historia ziligawanywa: kuharibiwa kwa kasumba Humen mwaka 1839 ni ya Zeng Zhushao, uasi wa Jintian wa 1851 ni ya Wang Bingzhao, uasi wa Wuchang wa 1911 ni ya Fu Tianchou, vuguvugu la Mei Nne la 1919 ni ya Hua Tianyou, vuguvugu la Mei 30 la 1925 ni ya Wang Linyi, uasi wa Nanchang wa 1927 ni ya Xiao Chuanjiu, vita vya msituni dhidi ya Wajapani ni ya Zhang Songhe. Kuvuka mto Yangzi, 1949, alijichukulia Liu mwenyewe, pamoja na nakshi 2 za pembeni yake. Jumla 10.

Fikiria ugumu. Watu wanane, waliosoma miji tofauti, kila mmoja na mkono wake, watoe ukuta mmoja usioonekana umeshonwa viraka. Ilibidi wakubaliane mambo ya msingi: kichwa cha mtu wa mbele kiwe na ukubwa gani, mstari wa ardhi ukae wapi, watu wa nyuma wazame kiasi gani. Kichwa kimoja kikizidi, jirani wote wanaonekana watoto. Ukibahatika kuona jasi mbili za nakshi hizi zimewekwa karibu, tofauti ambazo marumaru imezipoza zinarudi. Wang Linyi anapanga watu kama mawimbi: wote wanakwenda upande mmoja, na macho yako yanasukumwa kwenda nao. Hua Tianyou ana kitovu, kijana aliyepanda juu ya benchi akihutubia, na wengine wamemzunguka wakimtegea sikio. Yake Liu ina kelele zaidi, watu wanaruka kutoka mashua kupanda ukingo. Kwangu mimi ya Wang Linyi ndiyo bora kuliko zote, na jasi inamtetea kuliko marumaru.

Kuhamisha jasi kwenda kwenye jiwe ni kazi ya wachonga mawe, na kwa mnara huu walitoka hasa Quyang, mkoa wa Hebei, ambako ufundi huo hurithiwa. Marumaru ilitoka Fangshan, nje kidogo ya Beijing. Njia ni ya nukta. Kwenye jasi huchaguliwa nukta 3 za kudumu, na juu yake hukaa fremu yenye sindano inayoteleza. Sindano huguswa kwenye paji la uso, hufungwa, kisha fremu huhamishiwa kwenye nukta 3 zilezile kwenye jiwe, na fundi hutoboa mpaka sindano ifike pale ilipofika kwenye jasi. Halafu nukta nyingine, na nyingine. Nukta tatu za msingi zikisogea hata milimita 2, kila kipimo kinachofuata kinabeba kosa hilo, na hugundui mpaka jicho moja limekuwa la ndani kuliko jingine. Ndiyo maana mafundi huacha ngozi ya jiwe ya milimita kadhaa juu ya kila nukta hadi mwisho. Jasi ukiikosea unabandika. Jiwe ukilikosea umelikosea.

Mtu wa pwani yetu aliyezoea kumtazama Mmakonde akifuata mpingo mpaka umbo lijitokeze ataona njia hii ya nukta ni ya ajabu, maana mchonga jiwe hapa haruhusiwi kutafuta chochote. Kila kitu kimeshaamuliwa kwenye udongo. Ulinganisho huo unaweza kufanywa hukohuko China: Changchun, ndani ya bustani ya sanamu za dunia, kuna makumbusho yenye vinyago vya Kimakonde vilivyokusanywa Tanzania na mume na mke, Li Songshan na Han Rong.

Mwaka 1965 udongo wenyewe ulipewa nafasi yake tena. Katika jumba la kabaila Liu Wencai, wilaya ya Dayi, Sichuan, walimu na wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Sichuan pamoja na mafundi wa kienyeji walifinyanga watu 114 wa kimo cha kawaida wakipeleka kodi ya mpunga. Waliacha njia ya Paris wakarudi kwenye ya hekalu: kiunzi cha mbao kilichofungwa majani, udongo mnene uliochanganywa na makapi ya mpunga, kisha udongo laini wenye mchanga na pamba, na macho ya kioo. Makapi na pamba hufanya kazi ileile ya katani kwenye jasi, kugawa nyufa ziwe nyingi na nyembamba kama nywele badala ya moja kubwa. Hakuna kilichochomwa. Kundi hilo haliwezi kuhamishwa, kwa hiyo katika miaka ya 1970 ilitengenezwa nakala ya boligang iliyofunikwa shaba, na ndiyo iliyosafiri hadi Frankfurt mwaka 2009. Ukiiona popote, kumbuka kwamba weusi ule wa shaba ulioitia uzito haukuwemo Dayi. Kule ni rangi ya udongo, na macho yanakutazama.

Mwanga na vumbi

Jasi nyeupe chini ya taa za dari za kawaida ni sawa na karatasi tupu. Inataka taa moja kali ya upande, iliyoinuka digrii 30 hadi 45, na nyingine hafifu upande wa pili ili vivuli visiwe mashimo. Kwa nakshi, taa ishuke zaidi, ikwaruze uso wake. Ukumbi wenye taa pande zote mbili kwa nguvu sawa umeua kazi, haidhuru ni ya nani.

Na jasi haifutwi kwa kitambaa kibichi. Ina vinyweleo: maji huchukua vumbi na kuliingiza ndani, na yenyewe huyeyuka kidogo, gramu 2 hivi kwa lita moja ya maji, kiasi cha kutosha kufuta alama ya ukucha wa mchongaji ukirudia kila mwezi. Hufagiliwa kwa brashi laini huku mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi ukishikwa pembeni. Unyevu wa hewa ukikaa juu muda mrefu, vyuma vya ndani hupata kutu, kutu huvimba, na ufa hujitokeza kwenye kiwiko au kifundo cha mguu ukiwa na doa la kahawia. Doa hilo likionekana, kufunika kwa rangi nyeupe ni kuahirisha tu. Chuma kinaendelea kuvimba chini yake. Wakati wa kuhamisha, sanamu hubebwa kwa kitako na kiwiliwili. Mkono ulionyooshwa ndio unaovutia kushikwa, nao ndio wa kwanza kukatika.

Baada ya ukumbi, nenda Tiananmen, ukiwa umejiandikisha mapema na pasipoti mkononi. Panga saa kwa nakshi unayoitaka. Upande wa mashariki, Humen na Jintian, jua huukwaruza asubuhi. Wa magharibi, Nanchang na vita vya msituni, subiri alasiri. Wa kusini, zilipo za Fu, Hua na Wang Linyi, ni mzuri mchana wa kiangazi jua likiwa juu na vivuli vikishuka chini ya kila kidevu. Mbele ya mnara panatazama kaskazini, na huko ndiko alikojiwekea Liu Kaiqu. Kwa karibu nusu ya mwaka hakupati jua kabisa, na mashua zake za Yangzi zinakaa kivulini kutwa.